Blogu ya mapishi kwa bajeti ndogo: nini cha kununua, nini cha kuacha

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kuanzisha blogu ya mapishi ni kamera gani wanunue. Huwa nawajibu: nunueni mizani.

Kazi yangu ni kuhariri mapishi. Nayasoma, nayapika, kisha nayarudisha kwa mwandishi yakiwa na maswali pembeni. Nimeona blogu zenye picha za kuvutia mno zikikimbiwa na wasomaji, na sababu karibu kila mara ni ileile: keki haikuumuka, wali umekuwa rojorojo, nyama imeungua nje na ndani bado mbichi. Msomaji ametumia unga wake, mayai yake na gesi yake, na hakupata alichoahidiwa. Huyo harudi. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo ninamwomba apime kila matumizi kwa swali moja: fedha hii itamsaidia msomaji chakula chake kitoke vizuri? Kama haitamsaidia, basi atafute njia ya bure, na njia za bure zipo nyingi.

Turudi kwenye mizani. Kikombe cha unga ni kipimo kisichotulia. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kuukandamiza unga, unaweza kupata gramu 150 au zaidi. Ukiujaza taratibu kwa kijiko na kusawazisha juu kwa kisu, utapata kama gramu 120. Kwenye keki, tofauti hiyo inatosha kuifanya iwe laini au iwe kavu ya kukwama kooni. Tena vikombe vyenyewe havilingani: kikombe cha metriki ni mililita 250, cha Marekani ni kama 237. Kijiko cha chakula sehemu nyingi za dunia ni mililita 15, lakini Australia ni 20. Chumvi ndiyo inayoharibu kimyakimya. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu kama 6, wakati kijiko hichohicho cha chumvi ya chengachenga kinaweza kuwa na nusu tu ya hapo. Blogu husomwa na mtu usiyemjua, aliye jikoni usikokujua, na gramu ndiyo lugha pekee mnayoielewa nyote wawili. Andika gramu kwanza, kisha weka kikombe au kijiko pembeni kwa asiye na mizani.

Muda nao usiuandike peke yake. Majiko hayafanani, sufuria hazifanani, hata maji hayachemki kwa joto moja kila mahali: usawa wa bahari ni nyuzi 100 za Selsiasi, na hupungua takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Aliye kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage yake yatachelewa kuliko yako. Mpe msomaji dalili anayoweza kuiona, kuinusa au kuisikia. "Kaanga vitunguu mpaka vilainike na kingo zianze kuwa za dhahabu, kama dakika 8 hadi 10" ni maelekezo. "Kaanga dakika 5" ni kubahatisha. Na tafadhali sema ukweli kuhusu vile vitunguu vya kahawia iliyokolea, vitamu, vinavyopikwa kwa moto mdogo: huchukua dakika 40 na kuendelea. Anayeandika dakika 10 ameyanakili mahali, hakuvipika.

Kupika kwenyewe ndiko kunakokula bajeti, kuliko tovuti na vifaa vyote. Hapa ushauri wangu ni mmoja: usipike kwa ajili ya blogu. Pika chakula ambacho nyumbani mngekila hata hivyo, ila siku hiyo pima na uandike. Daftari likae karibu na jiko, na kila kitu kipimwe kabla hakijaingia sufuriani, maana ukishamimina hutakumbuka. Pishi moja likirudiwa kama mlo wa kawaida mara kadhaa, limejaribiwa bila kukugharimu chochote cha ziada. Chagua pia mahitaji yanayozaa makala zaidi ya moja. Kabichi moja inaweza kuwa kachumbari leo na supu kesho, na majani ya nje yanayotupwa yakaandikiwa makala yao.

Wala usiufiche udogo wa bajeti. Blogu ya Budget Bytes, aliyoianzisha Beth Moncel nchini Marekani mwaka 2009, ilijenga jina kwa kumwonyesha msomaji gharama ya kila pishi. Jack Monroe wa Uingereza alijulikana kuanzia mwaka 2012 kwa kuandika namna ya kujilisha na mtoto wake kwa fedha kidogo sana. Deb Perelman alianza blogu yake ya Smitten Kitchen mwaka 2006 akipikia kwenye jiko dogo la nyumba ya kupanga New York. Wasomaji wengi wanaishi katika hali hiyohiyo, na wanamwamini anayepika kwa sufuria kama zao.

Sasa picha. Simu uliyonayo inatosha, mradi ufahamu mwanga. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, weka sahani karibu nalo, na mwanga uingie kutoka ubavuni au nyuma kidogo ya chakula. Ukitoka upande uleule uliosimama wewe, chakula huonekana bapa, hakina kina. Kisha zima taa zote za chumba. Hili wengi hulipuuza, na ndilo linalofanya wali mweupe uonekane wa njano. Balbu nyingi za nyumbani hutoa mwanga wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000, wenye umanjano, na mwanga wa mchana uko kwenye Kelvini 5,500 hivi. Simu haiwezi kusawazisha rangi za aina mbili kwa wakati mmoja. Jua likiwa kali, tundika pazia jepesi jeupe au karatasi ya kuokea dirishani. Upande wa pili wa sahani simamisha manila nyeupe irudishe mwanga kwenye vivuli. Ukitaka picha yenye giza na uzito, simamisha nyeusi badala yake.

Futa lenzi ya simu, kwa sababu vidole vya jikoni vina mafuta. Usitumie lenzi pana. Rudi nyuma hatua moja na utumie ukuzaji wa mara 2 kama simu yako inao, sahani isipindike kingo. Bonyeza juu ya chakula na ushikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kama mikono inatetemeka, iegemeze simu kwenye vitabu na utumie kipima muda. Chakula kilicho bapa, mfano mkate wa duara, kipigwe kutoka juu. Chenye kimo, kama keki ya tabaka, kipigwe kutoka usawa wake. Kusafisha picha, programu za Snapseed (ya simu) na GIMP (ya kompyuta) ni za bure na zinatosha kabisa.

Kabla ya kuipandisha picha, ipunguze. Upana wa pikseli 1,200 unatosha makala nyingi, na ukiihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha, faili hushuka uzito sana bila macho kuona tofauti. Ni heshima kwa msomaji anayelipia bando lake, na Google nayo hupima kasi: inapendekeza kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye ukurasa kifunguke ndani ya sekunde 2.5.

Kuhusu tovuti sina mengi. Blogger ipo tangu 1999, iko chini ya Google tangu 2003, na haidai malipo. WordPress nayo ilianza 2003. Programu yenyewe ni ya bure, unacholipia ni seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuiwekea. Anza na chochote kati ya hizo. Kitu kimoja nakushauri ukilipie mapema ni domeini, yaani jina la anwani ya tovuti yako, kwa sababu ukihama kutoka huduma moja kwenda nyingine anwani inabaki ileile na wasomaji hawakupotei. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la fundi aliyekutengenezea, na usome bei ya kuihuisha mwaka wa pili, kwa maana ofa ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa chambo. Themu (mwonekano wa tovuti) ya bure iliyo nyepesi ni bora kuliko ya kulipia yenye madoido.

Jambo la kiufundi linalostahili jioni yako moja ni ile data inayozieleza injini za kutafuta kwamba ukurasa huu ni pishi. Msamiati wake uko schema.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo. Plagini (vijiprogramu vya kuongeza kwenye tovuti) za bure za kadi za mapishi hukuandikia zenyewe: unajaza jina, picha, mahitaji, hatua na muda. Bila hiyo, pishi lako halitaingia kwenye yale matokeo yenye picha na dakika za kupika.

Watu huuliza pia kama wanaruhusiwa kuandika pishi walilolikuta kwa mwingine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, orodha tupu ya mahitaji hailindwi, ila maelezo yaliyoandikwa kwa ubunifu na picha vinalindwa. Mimi naenda mbali kidogo kuliko sheria: lipike, libadilishe kadiri ulivyoona inafaa, andika hatua kwa maneno yako, na umtaje uliyejifunza kwake. Kumtaja hakugharimu kitu, na wasomaji wanaheshimu hilo.

Mahali ninapokuwa mkali ni usalama. Maneno yako yataingia tumboni mwa mtu. Kuku aive mpaka katikati ifike nyuzi 74. Wali uliobaki upozwe haraka na uwekwe kwenye friji, kwa kuwa mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili kuchemshwa na huamka wali ukikaa vuguvugu, na sumu anayoitoa haiondoki kwa kupasha moto tena. Kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji kinaweza kuzalisha sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambayo huua. Kwa sababu hiyo mapishi ya kuhifadhi chakula kwenye chupa usiyabuni. Tumia vipimo vilivyopimwa na taasisi za usalama wa chakula, ambavyo hupatikana bure, na kama huna, acha mada hiyo kwanza.

Na kipato? Usikipigie hesabu ya mwaka wa kwanza. Mitandao ya matangazo inayolipa vizuri hudai idadi kubwa ya wasomaji kwanza. Linki za kamisheni, zinazokulipa msomaji akinunua kupitia kwako, zinaweza kuanza mapema, lakini tangaza waziwazi kwamba unalipwa. Marekani na Uingereza hudai hivyo kisheria, na hata pasipo sheria msomaji ana haki ya kujua. Badala yake anza kukusanya anwani za barua pepe za wasomaji tangu makala ya kwanza, kwa huduma yoyote yenye kiwango cha bure, kwani mitandao ya kijamii hubadilisha taratibu zake bila kukuuliza.

Fedha ya kwanza ikipatikana, irudishe jikoni. Angalia makala tatu au nne zinazosomwa zaidi, soma maswali yaliyoachwa chini yake, kisha nunua mahitaji na uyapike upya mapishi hayo ukiwa na maswali hayo mkononi. Aliyeuliza "unga wangu umekuwa mzito, nifanye nini?" amekuonyesha mstari uliopungua. Andika mstari huo, piga picha ya unga ukiwa katika hali inayotakiwa, na ubadilishe tarehe ya makala.