Turubai la hema la juu ya gari: maji ya asubuhi yanatoka wapi?

Wiki iliyopita dereva mmoja wa watalii aliniletea turubai lake la mvua, lile linalofunika hema kwa juu, kwa mara ya tatu. "Fundi, bado linavuja." Alikuwa ametoka Ziwa Bunyonyi, amelala siku mbili kwenye hema lililofungwa juu ya keria ya Land Cruiser, na asubuhi zote mbili aliamka dari inamdondokea usoni. Nikamuuliza kama mvua ilinyesha. Usiku wa kwanza ilinyesha, akasema. Usiku wa pili haikunyesha, hata nyota zilionekana.

Sasa turubai linavujaje usiku wenye nyota?

Nashona mahema na maturubai hapa Kampala, na hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba kila tone unalolikuta ndani ya hema limepita juu. Wanaojishonea nyumbani wanaiamini. Mafundi wenzangu wanaiamini pia, na kwa sababu hiyo kila wanaporekebisha wanaharibu zaidi, maana dawa yao ni kuziba, kubana na kuongeza kitambaa.

Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na kwa ngozi kiasi cha glasi moja ya maji kwa usiku mmoja. Wakilala wawili ni glasi mbili, ndani ya chumba chenye upana wa mita 1.4 hivi. Ongeza koti lililolowa na viatu vyenye tope vilivyoingizwa ndani visiibwe. Bunyonyi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku kule ni baridi. Anga likiwa wazi, kitambaa cha juu hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka, kwa hiyo usiku ule wa nyota ndio ulikuwa mbaya zaidi kwake. Mvuke ukigusa kitambaa baridi hurudi kuwa maji. Fungua majani ya ndizi yaliyofunika matoke jikoni, utazame upande wa ndani: yanatiririka maji, na hakuna aliyeyamwagia mvua.

Dereva wangu alikuwa amefanya nini? Baada ya safari ya kwanza alitaka nimshonee mapazia pande zote nne, yashuke hadi kwenye ubao wa hema na yafungwe kwa velkro. Nilikataa, nikamweleza. Akaenda kwa fundi mwingine, akashonewa. Kisha akalivuta turubai mpaka likalala moja kwa moja juu ya kitambaa cha hema, eti lisipeperuke. Kwa hiyo hewa haina pa kutokea, na vitambaa viwili vinagusana. Kitambaa cha hema kikigusana na turubai lililolowa hupoa haraka, na unyevu wote wa ndani unakwenda kugeuka matone hapo hapo. Alilipa pesa apate maji mengi zaidi.

Turubai la mvua ni paa lenye upepo chini yake. Hiyo nafasi ya hewa ndiyo inayofanya kazi. Kitambaa kinailinda tu. Mimi nataka vidole vinne vilale kati ya turubai na hema bila kubanwa, kila mahali, hasa kwenye mgongo wa juu. Kwenye mahema ya kukunjuka, ambayo yana matao ya alumini ndani, shona mfereji wa kitambaa katikati ya turubai na upitishe ufito mwepesi uliopinda zaidi kidogo kuliko tao la hema. Ufito huo ndio unaoinua. Pembeni, turubai litokeze nje ya ukuta wa hema walau sentimita 20 ili maji yadondokee mbali, lakini lisishuke kufunika madirisha. Halafu usiku acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kidogo upande wa juu, hata kama kuna baridi. Najua watu hawapendi kusikia hili. Vaa sweta.

Kutofautisha ni rahisi. Matone madogo yaliyoenea sawasawa dari nzima ni pumzi yako. Maji yanayofuata mstari wa mshono, au yanayoanzia sehemu moja na kushuka, hayo ndiyo yanavuja. Godoro likilowa upande wa chini tu, mvua haihusiki kabisa: joto la mwili limesukuma unyevu chini ukakutana na ubao baridi. Weka wavu mnene wa plastiki chini ya godoro hewa ipite, na uliinue kila asubuhi. Nimeletewa turubai kurekebisha kwa sababu ya godoro lililolowa chini. Kweli mvua inaweza kupita katikati ya godoro bila kulowesha juu?

Kabla sijagusa sindano sasa namwambia kila mteja afanye hivi: tandaza turubai uani, litundike kwa kamba nne, mwagia maji kwa dakika 10, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kila mshono. La dereva huyu lilikuwa kavu kabisa.

Zipo dhana nyingine potofu, nazo zinazaliwa na hii ya kwanza. Kila aya hapa chini inaanza na dhana kama watu wanavyoisema, kisha jibu langu.

Kitambaa kizito ndicho kinachozuia mvua. Wengi wanakuja na turubai la lori. Turubai la hema la watu wawili linakula kama mita 10 za mraba. Plastiki nzito ya lori ina gramu 600 au zaidi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo umeongeza kilo 6 juu ya paa la gari, na kulikunja ni kazi. Poliesta nyepesi yenye utando (tabaka jembamba la kuzuia maji), ya gramu 100, inakupa kilo moja. Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaibeba kabla maji hayajapenya. Milimita 2,000 hadi 3,000 zinatosha mvua za hapa, hata zile za Aprili zinazotokea upande wa ziwa Victoria. Kinachoshinda kitambaa kizuri ni bwawa. Pale turubai lilipolegea maji yanakaa, yanalemea, yanatafuta tundu. Likivutwa vizuri hakuna bwawa. Kwa kulivuta, ushauri wangu haujabadilika miaka yote: vipande vya mpira wa tyubu, ule ule waendesha boda wanaofungia mizigo, kwenye kila kona. Kitambaa kikilegea, mpira unakivuta. Upepo ukipiga, mpira unakubali kabla ringi ya tundu la kamba haijang'oka.

Nailoni ni imara kuliko poliesta. Kwa kamba, sawa. Kwa turubai la juu ya gari, nailoni hulegea ikilowa, na jua la ikweta huila haraka. Chukua poliesta.

Mshono wa karibu karibu hauvuji. Hapa naomba mafundi wanisikie. Kila sindano ikishuka ni tundu. Ukishona kwa hatua (umbali wa tundu hadi tundu) ya milimita 1.5 umetengeneza mstari wa kuchania, kama karatasi ya stempu, na upepo wa Kisoro utauchana. Hatua iwe milimita 3 hadi 4, sindano kali namba 80 au 90, uzi wa poliesta. Kingo mbili zikunjwe zifumbatane na kushonwa mistari miwili, kama mguu wa suruali ya jinzi, na mkunjo utazame chini. Unajua mabati yanavyopangwa: bati la juu linalala juu ya la chini. Mshono uliogeuzwa kinyume ni mfereji unaokusanya maji na kuyaingiza ndani. Na usitumie pini katikati ya kitambaa; vibanio vya kuanikia nguo vinafanya kazi hiyo pembeni.

Uzi wa pamba huvimba na kuziba tundu. Ni kweli kwenye turubai la pamba. Kwenye poliesta unaoza tu.

Silikoni ya bafuni inaziba mshono wowote. Hapana. Vitambaa hivi vyepesi kwa kawaida vina utando wa aina mbili, poliyurethani au silikoni, na kila mmoja una gundi yake. Bandika kipande cha selotepu: ikishika vizuri ni poliyurethani, ikibanduka bila nguvu ni silikoni. Ukipaka silikoni kwenye poliyurethani itabanduka baada ya safari chache, na ubaya wake ni kwamba mabaki yake hayakubali gundi nyingine tena. Nimekata na kutupa mishono mizima kwa sababu hiyo.

Likichafuka ni la kufua kwa sabuni ya unga. Sabuni inaondoa ile sifa ya maji kuteleza juu ya kitambaa. Maji safi, sponji laini, basi.

Na wale wanaokunja hema limelowa asubuhi kule Ruhija, kwenye msitu wa Bwindi, na kulifungua Kampala baada ya siku tatu: joto na unyevu vikikaa pamoja ndani ya mfuko uliofungwa, utando wa poliyurethani hunata, hunuka, kisha hubanduka vipande vipande, na kuvu huingia kwenye kitambaa cha hema. Hakuna mshono wangu utakaookoa hilo. Mkisimama Mbarara kwa chakula cha mchana, toeni turubai, mlitandaze juu ya boneti na kioo cha mbele kwa nusu saa. Jua la saa saba linatosha.