Hiyo saa ya LED haihitaji "betri tu"

Jana tena. Kijana kanitumia linki ya mnada wa Marekani, saa ya chuma ya miaka ya 70, kioo chekundu, bei ya kutamanisha, na maelezo ya muuzaji ni sentensi moja: inahitaji betri tu. Afu na yeye anauliza, fundi, si nachukua? Betri si nanunua tu Kariakoo?

Usichukue. Yaani sijui niliseme vipi hili liwaingie watu. Huyo muuzaji anaishi nchi ambayo betri za saa zinauzwa mpaka duka la dawa, na anajua saa inayowaka inauzwa mara kadhaa ya isiyowaka, sasa kweli kashindwa kuweka betri? Kaweka. Haikuwaka. Kaitoa, kapiga picha, kaandika betri tu. Wapo wakweli wachache, wale waliokuta saa kwenye droo ya marehemu babu na hawajui hata mfuniko unafunguliwaje, lakini wewe ukiwa huku huwezi kujua yupi ni yupi, kwa hiyo lipa bei ya saa iliyokufa, ikifufuka ni riziki yako.

Tuelewane kwanza ni saa gani. Casio F-91W yako sio LED, hata kama muuzaji kaandika hivo. Ile ni LCD, kioo cha maandishi meusi kinachoonyesha muda mchana kutwa, na kijitaa chake kidogo cha ndani hakiibadilishi kuwa LED. Hizi ninazoongelea tarakimu zenyewe ndo taa, nyekundu, na usipobonyeza kitufe unaona giza tupu. Hiyo giza sio ubovu. Ya kwanza ni Pulsar ya Hamilton, kampuni ya saa ya Lancaster, Pennsylvania, waliotengeneza pamoja na kampuni ya elektroniki Electro/Data ya Garland, Texas, wakaionyesha 1970 na kuiingiza sokoni Aprili 1972 ikiwa ya dhahabu karati 18 kwa dola 2,100. Mwaka 1976 Texas Instruments wakaleta ya plastiki kwa dola 19.95, mwaka uliofuata 9.95, na LCD nazo zinakuja kwa kasi, basi biashara ikaisha. Na ukitafuta Pulsar mtandaoni utaletewa saa za mshale kibao, kwa sababu jina hilo lilikuja kuishia kwa Seiko. Usinunue kwa jina, angalia picha.

Sasa betri. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Saa ya LED ikiwa imezima inavuta maikroampea chache, za kuendesha kwatzi (ile fuwele inayohesabu muda) na chipu. Ukibonyeza inaruka mpaka makumi ya miliampea. Ni maelfu ya mara zaidi, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Betri nyingi ndogo haziwezi huo mruko. Zina volti sawa kwenye mita, 1.55 safi kabisa, lakini ukiziomba mkondo mkubwa volti inaanguka, na ikianguka chipu inajisahau. Matokeo yake unabonyeza mara ya kwanza inawaka hafifu, mara ya pili inaonyesha muda wa ajabu au haionyeshi kitu, na mtu anaandika kwa uchungu kwamba moduli, yaani ile mashine ya ndani yenye chipu na taa, imekufa. Haijakufa! Umeilisha betri ya saa ya mshale.

Betri za oksidi ya fedha (silver oxide) za saizi ileile zinakuja aina mbili. SR44W, ambayo wengine wanaiita 357, ina potasiamu haidroksidi ndani na inatoa mkondo mkubwa. SR44SW, au 303, ina sodiamu haidroksidi, ni ya mkondo mdogo wa muda mrefu, ya saa za mshale. Umbo moja, volti moja, herufi moja tu ndo tofauti. Hivohivo 389 na 390, hivohivo 376 na 377, ya kwanza ndo ya mkondo mkubwa. Wewe unataka W. Kinachonikera zaidi ni kwamba pakiti nyingine zinaandikwa 357/303 kwa pamoja, na muuza duka anakwambia ni kitu kimoja mkuu. Nyingine kwa kweli ni za mkondo mkubwa na zinafaa, ila soma karatasi ya kiufundi ya kampuni husika, usiulize kaunta.

Na zile kadi za betri kumi kumi zilizoandikwa AG13, ambazo ni LR44, hizo ni alkali. Zinaingia vizuri kabisa. Volti yake inashuka taratibu tangu siku ya kwanza, ikibanwa inashuka zaidi, na ukizisahau humo zinavuja. Nusu ya saa ninazofungua zimeliwa na betri iliyovuja. Mwingine kaniambia katafuta betri moja ya lithiamu ya volti 3 aweke badala ya zile mbili za 1.55 ambazo saa nyingi zinatumia, maana 3 ni 3. Sio. Zile seli bapa zina ukinzani mkubwa wa ndani, zimetengenezwa zidondoshe mkondo kidogo kidogo kwa miaka.

Mtu makini ataniuliza, mbona wewe unapima moduli kwa betri mbili za AA, na zenyewe ni alkali? Ndiyo, kwa sababu ni kubwa, ukinzani wake wa ndani ni mdogo, mkondo wa LED hauzishtui. Kishikilia betri mbili za AA chenye waya mbili ndo kifaa changu cha kwanza kabla ya yote. Ila hakikisha chanya na hasi, saa nyingi betri mbili zinalala kinyume, moja kifudifudi moja chali, na ukigeuza umeme unaweza kuiua chipu iliyosalimika miaka hamsini.

Hesabu ya matumizi ni rahisi. Chukua betri yenye miliampea-saa 150, onyesho livute tuseme miliampea 30, una masaa matano ya mwanga, basi. Pulsar inawaka sekunde moja na robo kwa bonyezo, kwa hiyo unapata kama bonyezo 14,400 ukisahau yale matumizi madogo ya saa ikiwa imezima. Mara 25 kwa siku ni zaidi ya mwaka. Ukiivaa baa na kila mtu anataka kuiona, we jua mwenyewe.

Sasa kuisoma picha ya muuzaji. Picha inayoonyesha 11:11, yaani saa tano na dakika kumi na moja, haikuambii chochote. Namba 1 inatumia vipande viwili tu kati ya saba, hivyo tarakimu iliyokufa zaidi ya nusu itapendeza kabisa kwenye 11:11. Simaanishi wote wanafanya makusudi, lakini aisee zinajirudia mno. Omba video ya dakika moja ya sekunde zikitembea. Hapo namba zinapita na kila kipande cha tarakimu zinazoonyesha sekunde kinajitaja. Atalalamika betri yake inaisha, mwambie utaongeza dola.

Na kinyume chake, usikimbie picha yenye tarakimu iliyokosekana. Tarakimu haziwaki zote kwa pamoja, zinawashwa kwa zamu, moja moja, haraka sana mpaka jicho linaona zote. Kamera ya simu yenye kasi inazikamata mbili zikiwaka na mbili zikiwa zimezima, na wanunuzi wote wanasema mbovu. Nimeshapata saa nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu. Ubovu wa kweli unaonekana kwenye kila fremu ya video, tena mahali palepale.

Zamu hizohizo zinakusaidia kujua ugonjwa. Kipande kilekile kikikosekana kwenye tarakimu zote, tatizo ni la njia ya pamoja, chipu inayoendesha au maungio yake. Tarakimu nzima ikikosekana wakati nyingine ni nzima, ni njia ya hiyo tarakimu. Kipande kimoja kwenye tarakimu moja, hapo ni LED yenyewe au kiwaya chake cha kuungia, ambacho ni chembamba kuliko unywele, na lehemu yako haina kazi hapo. Nasema hivi kwa sababu watu wanapenda kuchoma. Tafadhali usichome. Nyingi zimefunikwa na gundi ngumu au lenzi na ukilazimisha unaondoka na vingine vitatu.

Kuna moduli huwa inarudisha kipande ikipata joto la mkono afu inakipoteza tena usiku. Unaambiwa ni ungio lililolegea, sawa, lakini nimeona nyingine zikitulia miezi na nyingine zikifa kesho yake, sina kipimo cha kuzitenganisha. Siziuzi tu, hata zikiwaka wiki nzima.

Usafi nitapita haraka. Ukungu mweupe au kijani kwenye vishikio vya betri ni chumvi za alkali, siki kidogo kwenye ncha ya pamba inazimaliza, kisha spiriti, kisha iache ikauke. Kuna wanaokataa siki kwa sababu ni asidi na inaweza kubaki chini ya chipu, na kusema ukweli hawajakosea, mimi naitumia ila sina amani nayo. Springi za vitufe nazo zisafishe, saa nyingi "zilizokufa" ni kitufe kisichogusa. Shika chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa moduli. Kioo cha plastiki kinang'arishwa, kioo kweli achana nacho. Ikikimbia au ikichelewa, kuna kaskrubu kadogo ka kurekebisha, tumia bisibisi ya plastiki, zungusha kidogo sana, subiri siku. Na Pulsar za mwanzo "zisizoseti" zinasetiwa kwa sumaku inayokaa kwenye kifungo cha mkanda. Mkanda ukibadilishwa sumaku inaondoka. Sumaku yoyote ndogo ya mche inafanya kazi.

Linalonisumbua kweli ni moduli mpya. Siku hizi kuna watu wanatengeneza moduli za kisasa zinazoingia kwenye makasha ya zamani, zinawaka vizuri kuliko za asili. Je, hiyo bado ni saa ya 1974? Wapenda asili wananitukana nikizitaja. Lakini Pulsar za kwanza kabisa nyingi zilirudishwa kiwandani na kuwekewa moduli za toleo lililofuata, sasa uasili tunaanzia wapi? Mimi naweka pale moduli ya zamani ilipokufa kabisa, ile ya zamani nampa mteja kwenye kibahasha, na kwenye tangazo naandika wazi. Kuna siku naona ni sawa, kuna siku naona nimeweka simu kwenye kasha la saa.

Uanze na ipi? Sio Pulsar. Sio Black Watch ya Sinclair ya 1975 pia, umeme tuli uliisumbua tangu ikiwa mpya. Texas Instruments ya plastiki ni rahisi kwa bei lakini haikufikiriwa kufunguliwa. Tafuta ya chuma ya Novus au Fairchild, majina mengine ya enzi hizo, inayowaka, yenye video ya sekunde, hata kama kioo kimekwaruzika na mkanda hauna. Mwambie muuzaji atoe betri kabla ya kufunga mzigo na aziache hukohuko, utanunua W zako mwenyewe.