Muwasho usiokwisha: daktari anatafuta nini?

Nawashwa mwezi wa pili sasa. Vidonge vya aleji vinanituliza usiku mmoja tu. Kwa nini?

Si kila muwasho ni aleji. Ukipita wiki 6 huitwa muwasho sugu, na hapo kinachotakiwa ni kusaka chanzo. Kuongeza vidonge hakusaidii.

Daktari ataanzia wapi?

Kwenye ngozi yote, nguo zikiwa zimevuliwa. Atauliza kilichotangulia: vipele au muwasho? Kama ni vipele, huenda ni ukurutu, fangasi au upele (scabies, unaoletwa na vimelea vidogo vya ngozi). Kama kuna michubuko ya kucha tu, atatazama katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Pakiwa salama huku kwingine kumechubuka, ngozi imeumizwa na kujikuna, na chanzo huenda kiko ndani ya mwili.

Nitajuaje kama ni upele?

Muwasho huzidi usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na mara nyingi kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, ndiyo maana nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata wasiojikuna. Hapa wengi huteleza. Kingine: baada ya dawa, muwasho huweza kuendelea wiki kadhaa ingawa vimelea wamekwisha kufa.

Ngozi haina kitu. Kwa nini nipimwe damu?

Ini lenye nyongo iliyoziba, figo zilizochoka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa madini ya chuma, VVU: vyote huweza kuleta muwasho. Saratani ya tezi za limfu pia, ingawa ni nadra. Ndiyo sababu utaulizwa kuhusu kukonda, homa na jasho la usiku. Taja dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Klorokwini (ya malaria) na morfini (ya maumivu makali) zinajulikana kwa kuwasha.

Nina mimba kubwa, viganja na nyayo zinaniwasha.

Usingoje tarehe ya kliniki. Nenda upimwe ini na nyongo mapema, kwani muwasho huo huweza kuwa dalili ya tatizo la ini, nalo huweza kumdhuru mtoto.

Nipake nini nikisubiri majibu?

Mafuta ya kulainisha ngozi yasiyo na manukato. Krimu yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) iache, maana hubadilisha sura ya fangasi na upele, daktari asivitambue. Kama umeshaipaka, nenda na tyubu yake.