Mwajiriwa au Mkandarasi? Yanayopaswa Kueleweka Kuhusu Ujira na Saa za Kazi za Wachoraji wa Anime Nchini Japani

Tangu sheria ya Japani ya kulinda wafanyakazi wa kujitegemea ianze kutumika tarehe 1 Novemba 2024, dawati letu la elimu ya kazi limekuwa likipokea maswali mengi kuhusu tasnia ya anime, yaani filamu na vipindi vya uhuishaji vya Kijapani. Wengi wa wanaouliza ni vijana wenye kipaji cha kuchora, wanaotamani kufanya kazi Tokyo au kuifanya kazi hiyo wakiwa nyumbani kupitia intaneti. Wengine ni watazamaji tu, ambao wamesikia kwamba watu wanaotengeneza vipindi wanavyovipenda hawapati hata kodi ya chumba. Makala haya yanaeleza hali ilivyo, sheria inasema nini, na mahali ambapo sheria hiyo inaishia. Hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria kwa shauri la mtu mmoja mmoja.

Ni vyema kuanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayopotoshwa zaidi. Mchoraji wa michoro ya kati, yaani yule anayejaza mwendo baina ya mchoro mkuu mmoja na mwingine, kwa kawaida hulipwa kwa karatasi. Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka kimekuwa yapata yeni 200 kwa karatasi, pengine chini yake kidogo, pengine juu yake kidogo, kutegemea studio. Anayeanza kazi akimaliza karatasi 20 kwa siku amejitahidi, na siku hiyo atakuwa amejipatia yeni 4,000. Ikiwa amekaa mezani saa 10, ambazo katika kazi hii si nyingi, kila saa imemwingizia yeni 400. Kima cha chini cha mshahara mjini Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yeni 1,226 kwa saa. Isitoshe, karatasi yenye kikosi kizima cha wapiganaji, kila mmoja na vazi lake na upanga wake, mara nyingi hulipwa sawa au karibu sawa na karatasi yenye uso mmoja unaofumba macho. Karatasi ikirudishwa na msimamizi wa michoro ili irekebishwe, kwa kawaida marekebisho hayo hayaongezewi malipo. Kipindi kimoja cha dakika 24 huhitaji maelfu ya karatasi za namna hiyo.

Takwimu za wenye tasnia wenyewe zinakubaliana na hesabu hii. Utafiti wa chama cha wabunifu wa uhuishaji cha Japani, JAniCA, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wachoraji wa michoro ya kati walikuwa wakipata wastani wa yeni milioni 1.11 kwa mwaka, na kwamba wahojiwa wote kwa jumla walifanya kazi wastani wa saa 262 na zaidi kwa mwezi. Uchunguzi wa NAFCA, shirika la utamaduni wa anime na filamu la Japani lililoanzishwa mwaka 2023, ulipata wastani wa saa 219 kwa mwezi, na zaidi ya theluthi moja ya waliohojiwa walikuwa na kipato cha chini ya yeni 200,000 kwa mwezi. Tunawaomba wasomaji wawe waangalifu na wastani wa jumla wa mapato unaotajwa mara kwa mara kwenye habari, kwa sababu unachanganya muongozaji mwenye uzoefu wa miaka 25 na kijana aliyeingia studio mwezi uliopita.

Swali linalofuata huwa ni hili: ikiwa serikali imeweka kima cha chini, inakuwaje mtu alipwe theluthi yake mchana kweupe? Jibu ni kwamba kima cha chini humlinda mwajiriwa. Wachoraji wengi si waajiriwa katika maandishi. Ni wakandarasi wanaojitegemea, waliopewa kazi ya karatasi kadhaa kwa bei fulani, kama fundi cherehani anayelipwa kwa idadi ya nguo, iwe ameshona kwa saa mbili au kwa usiku kucha. Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, kilichoitembelea Japani mwaka 2023 na kutoa ripoti yake mwaka 2024, kilitaja kwamba karibu asilimia 31 ya wachoraji wa tasnia hiyo hufanya kazi kwa mtindo huu, nje ya ulinzi wa sheria za kazi. Mkandarasi hana malipo ya muda wa ziada, hana likizo ya malipo, hana mwajiri wa kumchangia bima ya afya wala pensheni. Tangu Oktoba 2023, mfumo mpya wa ankara za kodi ya mauzo umewaweka wengi wao katika njia panda: ama wajisajili na kulipa kodi ambayo awali walisamehewa kwa udogo wa mapato yao, ama wabaki bila usajili na kuhatarisha kupunguziwa bei au kukosa kazi.

Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo tumelirudia mara nyingi. Si kweli kwamba mtu akishasaini karatasi inayomwita mkandarasi basi hadithi imekwisha. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Viwango vya Kazi ya Japani humtambua mfanyakazi kwa uhalisia wa kazi yake, na jina lililoandikwa juu ya mkataba haliamui neno. Wakaguzi hutazama iwapo mtu anaweza kukataa kazi anayopewa bila kuadhibiwa, iwapo anapangiwa saa na mahali pa kukaa, iwapo anaelekezwa hatua kwa hatua namna ya kufanya kazi, iwapo anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake, vifaa ni vya nani, na iwapo malipo yake kwa hakika yanafuata muda aliokaa. Mchoraji mwenye meza yake ndani ya studio, anayetakiwa kuripoti saa nne asubuhi na kukatazwa kuchukua kazi ya studio nyingine, ana hoja nzito ya kudai kwamba yeye ni mwajiriwa. Tangu Novemba 2024 ofisi zote za ukaguzi wa viwango vya kazi nchini humo zina dawati maalumu la kusikiliza watu wenye shaka hiyo.

Yule ambaye kweli ni mkandarasi sasa ana sheria yake, ile ya Novemba 2024, na utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu humo ndimo watu wanamopoteza haki zao. Anayeagiza kazi anapaswa kumpa mchoraji masharti kwa maandishi papo hapo anapoagiza: majina ya pande zote mbili, tarehe ya kuagiza, kazi yenyewe, tarehe na mahali pa kuikabidhi, tarehe ya ukaguzi ikiwa ukaguzi utafanyika, kiasi cha malipo na tarehe ya kulipa. Maandishi hayo yanaweza kuwa barua pepe au ujumbe wa mtandao wa kijamii, lakini mchoraji ana haki ya kuomba nakala ya karatasi. Mwagizaji mwenye wafanyakazi wake anapaswa kulipa ndani ya siku 60 tangu apokee kazi. Ikiwa mwagizaji naye alipewa kazi hiyo na mteja mwingine kisha akaipitisha kwa mchoraji, na jambo hilo likaelezwa kwa mchoraji, malipo yanaweza kufanywa ndani ya siku 30 baada ya tarehe ambayo mwagizaji naye alipangiwa kulipwa.

Mkataba unapodumu mwezi mmoja au zaidi, mwagizaji haruhusiwi kukataa kuipokea kazi, kupunguza malipo yaliyokubaliwa, kupanga bei ya chini kupita kiasi, wala kudai marekebisho bila gharama pale ambapo mchoraji hana kosa. Mkataba unapodumu miezi 6 au zaidi, kuusitisha kunahitaji taarifa ya siku 30. Malalamiko hupelekwa Tume ya Biashara ya Haki, Wakala wa Biashara Ndogo na za Kati, au Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi, kutegemea kifungu kilichovunjwa. Hatua huanza na mwongozo, kisha pendekezo rasmi, kisha amri pamoja na kutangazwa hadharani, na anayekaidi amri hutozwa faini isiyozidi yeni 500,000. Wapo watakaosema faini hiyo ni ndogo, nasi hatutabishana nao. Ila tunawakumbusha kwamba mwezi Machi 2025 Tume hiyo ilizipa mwongozo wa kujirekebisha kampuni 45 za sekta chache, na utengenezaji wa anime ulikuwa miongoni mwa sekta hizo. Kampuni inayotegemea wawekezaji huogopa jina lake kutangazwa kuliko inavyoogopa faini.

Kuna pia bima ya ajali kazini. Tangu Aprili 2021 watu wanaotengeneza anime kwa kujitegemea wanaweza kujiunga kwa hiari na mfumo wa serikali wa fidia, wakijilipia michango wenyewe. Mkono wa mchoraji unaoumwa kwa miaka ya kushika kalamu si jambo dogo, na haifai kungoja hadi vidole vigome.

Tatizo lililo chini ya hayo yote ni mahali fedha zinapokaa. Wapo wanaotuandikia kwa hasira wakiuliza kwa nini studio iliyotoa filamu iliyojaza kumbi za sinema duniani haiwalipi watu wake. Swali hilo lina dhana isiyo sahihi ndani yake. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa anime wa Japani, soko la anime lilifikia yeni trilioni 3.3465 mwaka 2023, na sehemu ya nje ya Japani, yeni trilioni 1.7222, iliizidi ile ya ndani. Lakini kazi nyingi hugharamiwa na kamati ya uzalishaji, ambamo kituo cha televisheni, mchapishaji, kampuni ya muziki, mtengenezaji wa midoli na wengineo huchanga mtaji na kugawana hakimiliki. Studio hupewa ada ya kutengeneza, na isipokuwa nayo ilichangia mtaji, mapato ya baadaye hayaifikii, au huifikia sehemu ndogo tu. Ada ikishapangwa, kila ucheleweshaji na kila marekebisho hutoka mfukoni mwa studio, na studio huyasukuma chini kwa mkandarasi mdogo, ambaye huyasukuma kwa mchoraji. Studio chache, kama MAPPA mwaka 2022, zimewahi kugharamia mfululizo kwa fedha zao zenyewe ili zibaki na haki, lakini si kila studio inaweza kubeba hatari hiyo.

Kwa hiyo kununua fulana yenye picha ya mhusika hakumfikishii mchoraji wa karatasi chochote cha moja kwa moja, na kuitukana studio mtandaoni ni kumgombeza ambaye mara nyingi naye amebanwa. Vilevile si haki kumtwika mtu mmoja lawama yote. Husemwa mara nyingi kwamba Tezuka Osamu, mchoraji wa katuni aliyeunda Astro Boy, ndiye aliyeiharibu tasnia alipouza kwa bei ya chini mfululizo huo wa kila wiki wa televisheni, ulioanza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Ni kweli aliuza chini ya gharama akitegemea mapato ya bidhaa, na studio yake ya Mushi Production ilifilisika mwaka 1973. Lakini ni zaidi ya nusu karne sasa, na katika muda huo wote kila upande uliokaa kwenye meza ya bajeti ulikuwa na nafasi ya kupandisha bei. Mabadiliko ya sheria ya ukandarasi mdogo, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, yanamkataza mwagizaji anayehusika na sheria hiyo kupanga bei peke yake huku akikataa mazungumzo ambayo mkandarasi ameyaomba. Studio ndogo zinapaswa kuyaomba mazungumzo hayo kwa maandishi.

Kwa walioajiriwa, hasa wasaidizi wa uzalishaji wanaozunguka usiku kukusanya michoro, sheria ni kali zaidi. Saa za kawaida ni 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Muda wa ziada unahitaji makubaliano chini ya Kifungu cha 36 cha Sheria ya Viwango vya Kazi, na kikomo chake cha kawaida ni saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Hata penye dharura hauwezi kupita saa 720 kwa mwaka, na katika mwezi wowote lazima uwe chini ya saa 100 pamoja na kazi za siku za mapumziko. Anayevunja vikomo hivyo anaweza kufungwa hadi miezi 6 au kutozwa faini hadi yeni 300,000. Muda wa ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25, na unapopita saa 60 kwa mwezi nyongeza hufika asilimia 50. Madai ya mshahara usiolipwa yanaweza kurudi nyuma miaka 3. Mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi ya Shinjuku, Tokyo, ilitambua kwamba kifo cha kijana wa miaka 28 aliyekuwa msaidizi wa uzalishaji katika studio moja, na ambaye alijiua mwaka 2010, kilitokana na kazi kupita kiasi. Anayetuambia kwamba vijana wa siku hizi hawataki kuvumilia, tunamwomba aisome sentensi hiyo tena.

Kwa wanaotaka kwenda Japani, kibali cha ukaazi cha kazi za kitaalamu kwa kawaida hudai shahada, au stashahada ya chuo cha ufundi cha Japani inayolingana na kazi, na ujira usio chini ya ule ambao Mjapani angelipwa kwa kazi hiyohiyo. Malipo ya karatasi peke yake mara nyingi hayatoshelezi sharti hilo. Mwanafunzi aliyepewa ruhusa ya kufanya kazi ana kikomo cha saa 28 kwa wiki, na studio haina mamlaka ya kumwongezea.

Kwa wanaopewa kazi wakiwa nje ya Japani, mara nyingi kupitia ujumbe wa mtandao wa kijamii kutoka kwa mtu anayesema anatafuta wachoraji kwa haraka, sheria ya Novemba 2024 inaweza kuwahusu iwapo uagizaji umefanyika Japani, wote au sehemu yake, ingawa kumfuatilia mwagizaji kutoka nchi nyingine si rahisi. Kabla ya kuchora karatasi ya kwanza, muulize kwa maandishi jina la kampuni inayolipa, bei ya kila mchoro, tarehe ya malipo, na idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei hiyo. Majibu yahifadhi kwa kupiga picha ya skrini siku hiyohiyo, kwa kuwa ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma.