Sauti ya kifaani: humo inamoundwa, si hapo inaposikika

Mwezi huu pekee nimelisikia dai hili mara tatu: "Programu yetu ya wavuti inasoma maandishi kifaani, kwa sababu sauti inatoka kwenye simu yenyewe." Mara ya tatu msemaji alikuwa akiwaonyesha wauguzi ukurasa wa kuwasomea wagonjwa majibu ya vipimo. Chini ya kitufe cha "Nisomee" palikuwa pameandikwa kwamba maneno hayatoki kwenye simu ya mgonjwa. Tulifungua dirisha la kivinjari linaloonyesha mawasiliano ya mtandao, tukabonyeza kitufe, na sentensi nzima ya majibu ikaonekana ikiondoka kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, herufi kwa herufi. Hakukuwa na nia mbaya. Kulikuwa na neno moja lililoeleweka vibaya.

Maana yenyewe ni fupi. Sauti ya kifaani ni usemaji unaoundwa kutokana na maandishi na simu au kompyuta aliyonayo msomaji, bila maandishi hayo kupelekwa kwenye mashine nyingine. Kazi yote, kuanzia kugeuza herufi kuwa matamshi hadi kugeuza matamshi kuwa mawimbi ya sauti, inafanywa na kichakataji cha kifaa hicho.

Tatizo limejificha kwenye ile -ni. Wengi wetu tunaisoma kama kiambishi cha mahali tu, tukasahau kwamba Kiswahili kina mahali pa aina tatu. Darasani tulifundishwa pa-, ku- na mu-: mezani pana kitabu, shambani kuna watu, mtungini mna maji. Neno lenye -ni halibadiliki, kinachobadilika ni upatanisho unaolifuata. Ndiyo maana "kifaani" peke yake haisemi kitu kamili. Kifaani panasikika sauti: hiyo ni kweli daima, kwa sababu spika iko hapo. Kifaani kunatoka sauti: hiyo pia ni kweli daima. Kifaani mnaundwa sauti: hiyo ndiyo dhana tunayoizungumzia, na si kweli daima hata kidogo.

Kiingereza husema "on-device", kwa neno lao la "juu ya", na nimeona watu wakiandika "usemaji wa juu ya kifaa" kana kwamba sauti imepakiwa mgongoni mwa simu kama mzigo wa bodaboda. Sisi tuna mu-, kiambishi cha ndani, na kinasema jambo hili kwa usahihi kuliko lugha tulikoitoa istilahi. Inaniuma tunapokiacha.

Aliyekulia kwenye nyumba yenye redio anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Taarifa ya habari ilisikika pale kabatini, lakini hakuna mtoto aliyefikisha miaka saba akaendelea kuamini kwamba mtangazaji amekaa humo ndani. Simu inayosomewa na seva ni redio ya namna hiyo. Kuna tofauti moja kubwa: redio haikupeleka maneno yako popote.

Neno la pili linalochanganya ni kivinjari. Kuvinjari ni kuzungukazunguka, kama chombo kinavyozunguka baharini kikichungua. Kwa jina lake tu, kivinjari ni kitu cha kutoka nje. Mtu anaposema "inafanyika kwenye kivinjari, kwa hiyo inafanyika kifaani," anasahau kwamba kivinjari kiko mkononi mwake lakini kazi yake ya kila siku ni kwenda kuomba vitu mbali.

Mfano wake uko kwenye speechSynthesis, sehemu ya vivinjari inayomruhusu mtengenezaji wa ukurasa kuomba maandishi yasomwe kwa sauti. Kwa mistari miwili ukurasa unaanza kusema, hakuna ufunguo wa huduma wala malipo, na hapo ndipo watu wanapohitimisha kwamba kila kitu kiko ndani. Kumbe kivinjari kinakupa orodha ya sauti zenye asili tofauti. Nyingine ni za mfumo wa kifaa, nyingine zinaundwa kwenye seva za aliyetengeneza kivinjari. Kwenye Chrome ya kompyuta, sauti zinazoanza kwa jina la Google ni za mbali. Kwenye Microsoft Edge utakuta sauti nzuri sana za Kiswahili: Zuri na Rafiki kwa Kenya, Rehema na Daudi kwa Tanzania. Anayewasikia kwa mara ya kwanza hufurahi, nami nilifurahi. Lakini majina yao kamili yana neno "Online" katikati. Waliozitengeneza wamesema wazi, sisi ndio hatusomi jina hadi mwisho.

Kila sauti kwenye orodha hiyo ina sifa iitwayo localService, yenye jibu la ndiyo au hapana kwa swali kama sauti hiyo inaundwa ndani ya kifaa. Anayetaka Kiswahili cha ndani ya kifaa ataandika hivi:

speechSynthesis.getVoices().filter(s => s.lang.startsWith("sw") && s.localService)

Ukiuliza mara tu ukurasa unapofunguka, orodha inaweza kuwa tupu, kwa hiyo subiri tukio la voiceschanged, yaani taarifa ya kivinjari kwamba orodha imebadilika, kisha uulize tena. Ikibaki tupu hata baada ya hapo, kifaa hicho hakina sauti ya Kiswahili ya ndani. Mwambie mtumiaji hivyo. Usimwachie sauti ya Kiingereza imsomee "ng'ombe" na "mgonjwa".

Hata hiyo localService si kiapo. Ni kauli ya kivinjari kuhusu injini inayotumika, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na kwenye simu injini hiyo ni programu nyingine kabisa, yenye mambo yake. Programu ya Android inaweza kuuliza kama sauti fulani inahitaji mtandao. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuiuliza injini hiyo moja kwa moja. Kwa sababu hiyo jaribio linalopendwa, la kuzima data na kubonyeza kitufe, linathibitisha nusu tu ya jambo. Simu ikisoma bila mtandao, umejua kwamba inaweza kuunda sauti humo. Hujajua kama ilifanya hivyo dakika tano kabla, data ilipokuwa wazi.

Njia ya kuwa na uhakika ni kuleta injini yenyewe ndani ya ukurasa, ikiendeshwa kwa WebAssembly, teknolojia inayokiwezesha kivinjari kuendesha programu kama hiyo. Injini iitwayo eSpeak NG ni ndogo, megabaiti chache tu, na inajua Kiswahili. Mizizi yake inafika 1995, kwenye kompyuta za Acorn za Uingereza. Sauti yake ni ya kimashine kwa sababu kwa sehemu kubwa inakokotolewa kwa kanuni badala ya kutokana na rekodi ya mtu, lakini matamshi yake yanaeleweka na hata simu dhaifu inaimudu. Injini nyingine, Piper, inasikika kama binadamu zaidi. Modeli yake ya kati, yaani faili la sauti, huwa na megabaiti 60 hivi, na ile ya Kiswahili imepewa alama ya sw_CD, yaani Kiswahili cha Kongo, kwa hiyo isikilize kwanza na watu unaowalenga kabla ya kuamua. Injini ya tatu, Kokoro, yenye vigezo milioni 82 (namba inazotumia kukokotolea sauti), inasifiwa sana, ila Kiswahili haimo kwenye lugha zake. Nimeona ikipendekezwa kwa miradi ya hapa kwetu na mtu ambaye hakuwahi kuiandikia sentensi moja ya Kiswahili.

Megabaiti hizo 60 zinaleta mkanganyiko mwingine: watu hudhani "kifaani" na "bila mtandao" ni kitu kimoja. Modeli lazima ishuke kwanza, na siku hiyo ya kwanza mtandao unahitajika na bando linaliwa. Ikishahifadhiwa, ndipo inapofanya kazi hata porini. Kwa upande wa pili, unaweza kurekodi mtangazaji akisoma kurasa kumi, ukazihifadhi kwenye simu, zikasikika bila mtandao wowote. Hiyo ni rekodi. Haitamsomea mgonjwa sentensi ambayo haikuwahi kurekodiwa.

Kuunda sauti kwenye seva si kosa. Kwa habari za michezo au bei za mahindi, sauti ya Rehema ni bora kuliko eSpeak na hakuna siri inayovuja. Kwa majibu ya kipimo cha damu, mgonjwa ana haki ya kujua kabla hajabonyeza.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kitufe cha "Nisomee", sikuombi uivunje programu. Chuja sauti kwa localService kama hatua ya kwanza, au leta injini ndani ya ukurasa. Na kama hilo haliwezekani wiki hii, badilisha leo ile sentensi ndogo ya chini ya kitufe iseme: "Maandishi haya hutumwa kwenye seva ili yasomwe." Lile neno kifaani tulitunze hadi siku utakapoweza kusema kifaani mnaundwa sauti. Mnaundwa, si kunatoka.