"Ulilia sana ndo maana katoka mdogo": maneno ya wodini na ukweli wake

Nilishamsikia bibi mmoja wodini akimwambia mkamwana wake, kajifungua mtoto wa kilo mbili na robo, "kwenye zile vurugu ulikuwa unalialia sana, ndo maana katoka hivi." Yule binti aliinama tu akawa anaivutavuta kanga ya mtoto. Iliniuma kweli.

DHANA: Kama hukuguswa, mimba nayo haiguswi

Hapana jamani. Tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia kiwanda cha nyama kwenye mji mdogo wa Postville, jimbo la Iowa, helikopta inazunguka juu, wakakamata watu 389, wengi wao Waguatemala. Baadae watafiti wakapitia rekodi za vizazi za jimbo zima, zaidi ya 52,000, wakakuta kwa wamama wenye asili ya Amerika ya Kilatini, watoto waliozaliwa ndani ya wiki 37 baada ya uvamizi hatari yao ya kuzaliwa na uzito pungufu, yani chini ya kilo 2.5, ilipanda kwa asilimia 24 ukilinganisha na mwaka mmoja nyuma. Kwa wamama wazungu hakuna kilichobadilika. Na hata wamama wa asili hiyo waliozaliwa hukohuko Marekani, raia kabisa ambao hakuna wa kuwafukuza, nao hatari ilipanda, wakati wengi walikuwa wanaishi mbali na Postville. Waliguswa na hofu tu, kwamba watu wanaofanana na sisi wanasakwa.

DHANA: Ni roho nyepesi ya mama

Hofu ikikaa siku nyingi mwili unamwaga homoni inaitwa kotisoli. Kondo la nyuma linaivunja nyingi isimfikie mtoto, ila mzigo ukizidi ile kinga inaweza kulegea, na homoni zinazohusika na kuanzisha uchungu zikapanda kabla ya wakati. Sasa hapo mama kakosea nini? Kule Goma, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, wamama 25 na vichanga vyao walipimwa, utafiti ukatoka 2012, na waliopitia mateso mazito ya vita ndo walioelekea kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Ni wachache, sawa, lakini wanaoijua Kivu hawatashangaa, na tuongeze kwamba vita ikija kliniki zinafungwa, chakula hakuna, mtu anakimbia na tumbo la miezi minane.

DHANA: Ukishashtuka basi, mtoto keshaharibika

Hii inawatesa wengi bure. Asilimia 24 maana yake kama kwenye watoto 100 walikuwa wanazaliwa 5 wadogo, sasa ni kama 6. Waliobaki wote wana uzito wao.

Kwa hiyo ukiwa mjamzito na umepitia jambo zito mwambie nesi kliniki, hata kama hajauliza, na ukiona damu, maji yamevunjika au mtoto kapunguza kucheza usisubiri asubuhi. Na yule wa kilo mbili na robo anataka kifua cha mama yake ngozi kwa ngozi, maziwa, na bibi wa kumshika mama mkono akafue zile kanga.