Gemu ya maandishi: maana yake, na jinsi inavyoelewa unachoiambia

Gemu ya maandishi ni programu inayokueleza kwa maneno mahali ulipo na unachokiona, halafu inakungoja uandike unachotaka kufanya. Haina picha wala sauti. Unaandika "fungua mlango", nayo inajibu kwamba mlango umefunguka, au umetiwa komeo, au hapa hakuna mlango. Wengi wakielezwa hivyo hudhani ni kitabu cha kuchagua ukurasa unaofuata. Sivyo. Nyuma ya maneno kuna dunia ndogo ambayo kompyuta inaitunza muda wote: vyumba, vitu, nani kashika nini, taa imebakiza mafuta kiasi gani. Maandishi unayosoma ni taarifa ya hali ya dunia hiyo kwa wakati huo. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na asiyelijua hilo hukwama mapema akaiacha.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Dodoma: nyumba ya tembe ya Kigogo, yenye paa bapa la udongo na vyumba vilivyouzunguka ua. Gemu ingekuwa hivi:

> angalia
Uko ghalani. Kuna kihenge cha mtama na sanduku la mbao. Kusini ni uani.

> fungua sanduku
Sanduku lina kufuli.

> fungua sanduku kwa ufunguo
Huna ufunguo.

Hakuna aliyekaa kuandika majibu hayo moja moja kwa ajili ya sanduku hili. Mwandishi ameandika kwamba sanduku ni chombo, kinafungika, sasa kimefungwa, na ufunguo wake uko juu ya paa. Kanuni ya kufuli imeandikwa mara moja tu na inatawala kila chenye kufuli. Ndiyo maana mchezaji anaweza kujaribu jambo ambalo mwandishi hakuliwaza, kama kuweka ufunguo ndani ya kihenge kisha kumwaga mtama wote, na dunia ikajibu sawasawa.

Sehemu inayosoma amri yako huitwa kichanganuzi. Hakijui Kiswahili chote. Kinajua maneno ya gemu yake tu. Kwanza hukata sentensi kwenye nafasi, kipate neno mojamoja, na kila neno hulitafuta kwenye kamusi ya gemu. Neno la kwanza likiwa kitenzi, hutazama mifumo inayokubaliwa na kitenzi hicho: "fungua kitu", "fungua kitu kwa kitu". Kisha hutafuta kitu ulichokitaja, na hakitafuti katika dunia nzima, bali miongoni mwa vitu unavyoviona au kuvifikia hapo ulipo. Vikilingana viwili, kitakuuliza: sanduku lipi, la mbao au la bati? Baada ya hapo amri hukabidhiwa kwa kanuni za dunia, ambazo hukagua kama jambo linawezekana, hulitekeleza, na kukupa taarifa. Mwisho saa ya gemu husogea hatua moja: mafuta ya taa yanapungua, mbuzi anahama chumba.

Kila hatua kati ya hizo ikishindikana hutoa jibu lake, kwa hiyo mchezaji mzuri husoma majibu ya kukataliwa kwa makini kuliko ya kukubaliwa. Zork, gemu iliyoandikwa na wanafunzi na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, kuanzia 1977, hukwambia waziwazi kwamba hailijui neno fulani. Ukiambiwa hivyo, acha neno hilo, halimo. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Inform, lugha ya kuandikia gemu za aina hii, hujibu tu kwamba huoni kitu kama hicho, iwe neno halimo kabisa au kitu kiko chumba kingine. Hivyo huwezi kuvua siri kwa kubahatisha majina. Jibu linaloudhi kuliko yote ni pale unapojua la kufanya lakini kitenzi chako hakikubaliwi: gemu inataka "zungusha" wewe unaandika "geuza". Hilo si kosa la mchezaji. Mwandishi alipaswa kuweka visawe.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa kuna jambo ambalo watu wa kompyuta wangepaswa kulichangamkia. Kwa Kiingereza mchezaji akitumia kiwakilishi badala ya jina, kompyuta hulazimika kukumbuka ni kitu gani kilitajwa mwisho na kubahatisha. Kiswahili humpa mtengenezaji kidokezo ndani ya kitenzi. "Kichukue" ni kibuyu au kisu. "Lichukue" ni jiwe au sanduku. "Zichukue" ni funguo. Kazi ya kuuliza inabaki pale ngeli zinapogongana, kwa mfano "uchukue", kwa sababu ufunguo na mtungi vyote vinaitikia.

Ila kukata viambishi kuna utaratibu wake. Tafuta kwanza neno zima kwenye kamusi. Likikosekana ndipo ukate ki-, vi-, li-, ya-, u-, i-, zi- au m- mwanzoni, ugeuze -e ya mwisho kuwa -a, utafute tena. Ukianza na kukata utaiharibu "kimbia" na "inua", ambazo zimeanza kwa herufi zile zile bila kuwa na kiambishi chochote. Angalia pia vitenzi vifupi: "kula" ikibeba ki- inakuwa "kile", na hilo mchezaji hulitumia pia kuonyesha kitu. Likiwa neno la kwanza lichukulie kuwa kitenzi, likiwa katikati lipuuze.

Jambo la pili ni usahihishaji wa makosa ya herufi. Baadhi ya vichanganuzi hukisia neno lililokosewa. Kwa Kiswahili tunashauri usikiruhusu kikisie vitenzi, kwa sababu kati ya "funga" na "fungua" kuna herufi moja, na kati ya "vaa" na "vua" vivyo hivyo, wakati maana zake zinapingana. Kwenye simu zima kabisa kirekebisho cha kibodi, la sivyo kitakubadilishia amri kabla hata hujaituma.

Dira nayo ina shida yake. Gemu za Kiingereza hukubali herufi moja kwa kila upande, n, s, e na w. Kwetu kaskazini na kusini zote zinaanza na k, mashariki na magharibi zote na ma. Vifupisho vinavyofanya kazi ni kz, ks, ms na mg, na ni vizuri vitajwe ukurasa wa kwanza wa gemu.

Historia yake ni fupi kiasi. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuchunguza mapango, aliandika gemu ya Adventure nchini Marekani katikati ya miaka ya 1970 akifuata pango halisi la Mammoth Cave, Kentucky. Don Woods wa Stanford akaipanua mwaka 1977. Baadhi ya waandishi wa Zork wakaanzisha na wenzao kampuni ya Infocom mwaka 1979, na Joel Berez na Marc Blank wakabuni Z-machine, kompyuta ya kufikirika: gemu inaandikwa mara moja kwa ajili yake, na kila aina ya mashine inahitaji programu moja tu ya kuiendesha. Ndiyo sababu faili la enzi hizo bado linafunguka kwenye simu yako leo. Toleo la tatu la Z-machine lina kikomo cha kilobaiti 128, toleo la tano 256. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayehesabu bando, gemu nzima ni ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu. Toleo hilo la tatu huangalia herufi sita za kwanza za neno basi, kwa hiyo mfanyabiashara na mfanyakazi kwake ni neno moja. Kuanzia toleo la nne ni herufi tisa, na "kaskazini" inaenea kamili.

Kuanza kucheza unahitaji faili la gemu na programu ya kulisoma. Faili zinazoishia .z3, .z5 au .z8 husomwa na Frotz. Ukiona .ulx au .gblorb, hiyo ni ya Glulx, kompyuta nyingine ya kufikirika kama Z-machine. Tumia Gargoyle kwenye kompyuta, au Parchment inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Gemu nyingi ni za Kiingereza, na amri za kujua mwanzoni ni chache: l kuangalia chumba, x na jina la kitu kukichunguza, i kuona ulichobeba, z kungoja, undo kurudi hatua moja, save na restore kuhifadhi na kurejea. Chunguza kila nomino iliyotajwa kwenye maelezo ya chumba. Wanaoanza huruka hatua hiyo, na mara nyingi kilichowakwamisha kilikuwa ndani ya kitu walichokisoma na kukipita.

Chora ramani kwenye karatasi, kisanduku kwa kila chumba na mstari kwa kila njia. Andika upande kwenye ncha zote mbili za mstari, kwa sababu kwenda kaskazini hakumaanishi utarudi kwa kusini. Adventure ina sehemu ambayo vyumba vyote vina maelezo yaleyale. Dawa yake ni kuangusha kitu tofauti katika kila chumba ili ukirudi ukitambue. Gemu hiyo pia ina taa inayodumu hatua 330, isipokuwa ukikubali maelekezo mwanzoni, ndipo hupewa 1000. Kwa hiyo tembea kwanza kwa ajili ya ramani, kisha rudi kwenye faili ulilohifadhi ukiwa na taa mpya. Na usihifadhi juu ya faili lilelile. Gemu za zamani zinakuruhusu kuharibu kitu utakachokihitaji mwishoni bila kukuonya. Weka faili jipya kila unapofungua sehemu mpya, na ulipe jina la mahali ulipo.

Ipo pia aina isiyo na kichanganuzi, ambapo unagusa kiungo kuchagua la kufanya. Twine, iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, ndiyo inayotumika sana kuitengeneza. Ni rahisi kujifunza na inafaa simu, lakini chaguo zote ziko mbele ya macho yako. Furaha ya kuwaza kitendo mwenyewe na kukuta dunia inakijua haimo humo.

Anayetaka kutengeneza yake aanze na mahali anapopajua kwa miguu, kama alivyofanya Crowther na pango lake. Soko la Majengo linafaa, miamba yenye michoro ya Kolo kule Kondoa inafaa zaidi. Vyumba nane vinatosha kwa mara ya kwanza, na vitu kumi na viwili. Ikikamilika, mpe mtu asiyeijua, washa amri ya script ili kila kinachoandikwa kihifadhiwe, kaa kando bila kumsaidia. Kisha pitia faili hilo mstari kwa mstari, utafute kila amri ya maana iliyokataliwa, na uiongeze kwenye kamusi ya gemu kabla ya kumpa mtu wa pili.